Paka Ana 11, Mimi Nina 4

Jumatatu asubuhi nimekuta fomu mezani. Fomu ya kupanda cheo, kutoka Mhadhiri kwenda Mhadhiri Mwandamizi, kitu ninachokisubiri tangu kitinda mimba wangu anatambaa. Sasa hivi kitinda mimba anadai simu. Nikajaza jina, nikajaza namba ya ajira, nikajaza miaka ya kufundisha huku nikijipongeza kidogo. Nikafika kipengele cha saba. Kisanduku kidogo, ungedhani ni cha kuweka tiki: "H-indeksi yako."

Basi. Miaka 16 ya chaki, ya kusahihisha mitihani kwa tochi ya simu umeme umekatika, ya kusikiliza "Dokta, nilifiwa" kutoka kwa mwanafunzi yule yule ambaye bibi yake keshafariki mara nne, yote iingie kwenye kisanduku kimoja.

Kwa msiojua, na mna bahati: mwaka 2005 mwanafizikia mmoja wa Chuo Kikuu cha California kule San Diego, Jorge Hirsch, alitafuta namna ya kumpima mtafiti kwa namba moja tu. Unapanga makala zako kuanzia ile inayotajwa sana na watafiti wengine, mpaka ile ambayo hata mkeo hajaisoma. Ukiwa na makala kumi ambazo kila moja imetajwa angalau mara kumi, h yako ni kumi. Ukiwa na tatu zilizotajwa angalau mara tatu tatu, h yako ni tatu, na pole.

Mimi nina makala 11. Zimetajwa hivi: 38, 9, 6, 5, 3, 1, na zilizobaki ni mayai matupu. Nne za kwanza zimevuka nne. Ya tano ina tatu, imekwama mlangoni. H yangu ni 4.

Na hiyo ya 38 msiipigie vigelegele. Ni kijikaratasi cha kurasa sita nilichoandika kwa Kiingereza bado damu inachemka, nikadai jambo kuhusu ngeli ambalo halikuwa kweli. Tangu siku hiyo wenzangu wananitaja ili kunisahihisha. "Kinyume na anavyodai fulani..." "Kosa kama hili liko pia kwa fulani..." Mashine haijui nani anasifiwa na nani anasutwa. Ukitajwa kwa heshima ni moja, ukitajwa kwa kuumbuliwa ni moja. Kwa hiyo kosa langu la ujana ndilo linalonibeba mgongoni mpaka leo.

Kazi ninayojivunia mimi ni nyingine. Nilikaa Kilwa Kivinje misimu miwili, natapika ndani ya mashua watu wakinicheka, nikakusanya majina ya samaki, upepo na nyavu kutoka midomoni mwa wavuvi wenyewe. Niliiandika kwa Kiswahili, kwenye jarida la Kiswahili. Imetajwa mara ngapi? Yai. Na si kwamba haisomwi! Mwezi uliopita nimekwenda kutoa fotokopi pale nje ya geti, nikaikuta kaunta imelala. Imechakaa, pembe zimejikunja, mtu kaipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Kijana wa fotokopi akaniambia, "Hiyo inatoka sana, Dokta. Kila muhula." Hajui hata kama ni yangu. Sasa nani anahesabu fotokopi? Hifadhidata kubwa zinazohesabu nani katajwa na nani, kina Web of Science na Scopus, zinachagua zenyewe majarida ya kuyaingiza, na ya Kiswahili humo ni ya kutafuta kwa tochi.

Mchana nikaenda kwa mama ntilie kupoza moyo. Akaniuliza mbona sura imekunjamana, nikamweleza. Hakuelewa. Nikamwambia, mama, chukua daftari lako la madeni. Wanaokudai... samahani, unaowadai ni wangapi?

"Tisa."

"Wapange, kuanzia mwenye sahani nyingi."

"Wa kwanza ni wewe. Sahani 14."

Nikajikohoza. "Haya, endelea."

Akasoma: 10, 8, 7, 6, 6, 3, 2, 1. Nikamwambia, unao watu sita ambao kila mmoja anadaiwa angalau sahani sita. H yako ni sita.

"Sita nini?"

"Sita tu."

"Na hizi 14 zako zimekwenda wapi?"

Nikamweleza kwa upole kwamba mimi nahesabika kama mtu mmoja aliyevuka sita. Hata angenidai sahani 140, h yake ingebaki sita ile ile. Akaweka upawa chini, akanitazama.

"Dokta, aliyetunga hesabu hii ni mdaiwa."

Jumanne nikamfuata jirani yangu wa ofisi. Huyu ana h ya 17 na anatembea nayo kwenye korido kama bwana harusi. Nikamwomba siri. Akafunga mlango, akashusha sauti: "Nitaje nikutaje." Wako watano, wana kundi la simu. Mmoja akiandika, lazima awataje wanne waliobaki. Nikachungulia makala yake ya karibuni, inahusu ufugaji wa nyuki, na ndani yake imetajwa kazi ya mwenzake kuhusu kodi ya majengo. Nikamuuliza nyuki na kodi ya majengo vinakutana wapi. "Kwani nyuki hawakai kwenye nyumba?"

Nikarudi nyumbani, usingizi hauji, nikaanza kusoma habari za haya mambo. Ningelala tu. Mwaka 1975 mwanafizikia wa Marekani, Jack Hetherington, aliandika makala peke yake, lakini kote humo ametumia "sisi": sisi tumeona, sisi tumepima. Mwenzake akamwonya kwamba jarida litaikataa, mwandishi mmoja hawezi kuwa "sisi". Enzi hizo ni taipureta, kurekebisha ni kupiga upya yote. Akaona isiwe tabu, akamwandika paka wake kuwa mwandishi mwenza. Paka aliitwa Chester, akapewa jina la kitaaluma, F. D. C. Willard, na makala ikatoka kwenye Physical Review Letters. Mimi miaka yote naandika "tumebaini" nikiwa peke yangu na feni, hakuna aliyeniambia nitafute paka.

Hiyo bado. Mwaka 2024 kuna watafiti wawili walitaka kuonyesha jinsi Google Scholar, mashine ya Google inayotafuta makala za watafiti na kuhesabu zimetajwa mara ngapi, inavyodanganyika. Wakamtengenezea wasifu paka anayeitwa Larry, paka wa bibi wa mmoja wao, wakampa makala 12 za upuuzi zilizotungwa na kompyuta, na nyingine za upuuzi za kumtaja. H ya Larry ikafika 11. Baadaye zikafutwa, lakini kufutwa kunanisaidia nini mimi? Nimekaa sebuleni saa nane za usiku, Daktari wa Falsafa, nimezidiwa na paka kwa alama saba. Na paka wetu kalala juu ya rasimu yangu, hana habari.

Hata Hirsch mwenyewe, mwaka 2020, aliandika kwamba kipimo chake kinaweza kwenda kombo vibaya na kuleta madhara ambayo hakuyakusudia. Ahsante sana, mzee. Umefungulia mbwa, sasa unatutangazia kwamba anauma. (Msiniulize kuhusu ile impakti fakta ya kipengele cha nane, yaani wastani wa mara ambazo makala za jarida zinatajwa. Eugene Garfield aliyeianzisha alikuwa anatafuta namna ya kuchagua majarida, leo tunapimwa nayo sisi. Ni kupima basi kwenye mizani halafu kumwambia abiria uzito wake.)

Jumatano asubuhi nikafungua ukurasa wangu wa Google Scholar kujiumiza tena. H: 9.

Nikafuta miwani. 9. Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kutazama. Nikashuka chini kuona ni ipi kati ya kazi zangu imeamka. Juu kabisa: minyoo ya tumbo kwa mbuzi. Inayofuata: dawa za minyoo kwa mbuzi. Inayofuata: mbuzi, tena. Jina langu ni la kawaida mno, ukiliita Kariakoo watageuka watu 30, na mashine imenichanganya na wajina wangu, daktari wa mifugo. Mimi, mtu wa ngeli.

Nitasema ukweli: nilikaa na ile 9 siku nzima. Sikuiongeza mimi. Sikumwibia mtu. Na kisanduku cha fomu kinauliza h ni ngapi, hakiulizi ni ya mnyama gani.

Tatizo shemeji yangu naye ana intaneti. Usiku simu ikaita kutoka Dodoma, baba mkwe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu, kumbe wewe ni bingwa wa minyoo, miaka yote hii unanyamaza? Mbuzi wangu wanaharisha wiki ya pili."

Nikamwambia, baba, mimi ni wa Kiswahili. Kimya. Kisha, kwa ile sauti aliyoitumia siku ya posa: "Kwa hiyo mbuzi wa ukwe huwatibu, ila wa Wazungu unawaandikia?"

Ikabidi nitafute barua pepe ya wajina kwenye makala yake, nikamwandikia usiku ule ule. Asubuhi akajibu: "Kumbe ni wewe! Miaka miwili naalikwa kwenye makongamano ya ngeli, nawaza nimewakosea nini." Mtu muungwana. Akasema mzee asirudierudie dawa ya kubahatisha dukani, kwa sababu minyoo huzoea. Achukue kinyesi kibichi, akipeleke kwa daktari wa mifugo kipimwe kwanza, huenda hata si minyoo. Mzee akafanya hivyo. Mbuzi wanaendelea vizuri, na Dodoma nzima inajua nani kawaponya.

Nikaona aibu kukaa na mali ya mtu. Nikaanza kuwatoa mbuzi mmoja mmoja. Kila nikibonyeza kufuta, namba inashuka: 9, 8, 7. Nilipofika 5 nilipumzika nikanywa maji. Kisha 4.

Ijumaa nikaandika 4 kwenye kisanduku, kwa kalamu nzito ili ionekane kubwa, nikapeleka fomu. Dada wa masjala akaitazama, akauliza kama nimesahau tarakimu moja.

Nikapitia kwa mama ntilie. Nikamkuta juu ya daftari kaandika kwa wino: H = 6.

"Hii hesabu yako nimeikubali," akasema. "Ila mimi naitaka ishuke. Hapa kwenye sita kila mmoja ananishikilia. Hata wewe mmoja ukilipa, naingia tano."

Sikuwa na pa kutokea. Nikatoa noti ya elfu kumi. Akalamba kidole, akafungua ukurasa wangu, wali maharage elfu mbili kwa sahani, akakata tano. Zikabaki tisa. Akahesabu tena kwa ncha ya kalamu kuanzia juu, akatikisa kichwa.

"Bado umo."