Mofini kijijini: nani aruhusiwe kuiandika?

Mgonjwa wa saratani ya umio anayeambiwa katika hospitali ya rufaa kwamba ugonjwa umeshasambaa hurudishwa nyumbani, na huko ndiko maumivu yanakomkuta. Zahanati ya kijiji ina muuguzi, panadol na, siku ya bahati, diklofenaki. Mofini, dawa kali ya maumivu itokanayo na afyuni, kwa kawaida huandikwa na daktari, naye yuko wilayani au mkoani. Ndugu wakipata nauli ya kumfuata, mgonjwa atalala. Wasipoipata, majirani watamsikia usiku kucha.

Uganda walilitazama jambo hili mapema. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala, akitumia mofini ya maji: unga wa mofini unakorogwa kwenye maji yenye kihifadhi, unatiwa kwenye chupa ya plastiki, na gharama yake ni ndogo. Mwaka 2004 kanuni zikabadilishwa, wauguzi na matabibu waliopitia mafunzo maalumu ya miezi tisa wakaruhusiwa kuiandika wenyewe. Mgonjwa huipata bure. Sasa swali ni kama Tanzania nayo ifuate njia hiyo.

Wanaokataa wana sababu, na si haki kuwaita washamba. Heroini imewala vijana wa Tanga, Mombasa na Unguja kiasi kwamba hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza mwaka 2011 kutoa methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha heroini. Mzazi aliyezika mwanawe kwa sababu ya heroini, ukimwambia dawa ya jamii hiyohiyo iwekwe kwenye zahanati yenye kufuli moja la mlangoni, atakushangaa. Wapo pia wanaotaja Marekani na vifo vyake vya vidonge vya maumivu.

Lakini hoja ya Marekani hainishawishi. Kule vidonge vikali vilinadiwa na kampuni hadi kwa wenye maumivu ya mgongo. Hapa tatizo ni kinyume chake. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet iliripoti mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya afyuni zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa ziliambulia tani 0.1. Kutunyima mofini kwa kuogopa yaliyotokea kule ni kumnyima chakula mwenye njaa kwa sababu jirani amevimbiwa. Tena mofini ya maji iliyozimuliwa, miligramu 5 katika mililita 5, ni chungu na haina mvuto sokoni. Kabati lenye kufuli na daftari la kuandika kila tone linalotoka bado ni la lazima, hilo sibishi.

Hoja inayonisumbua zaidi husemwa kwa sauti ya chini, na wenye kuisema ni wauguzi wenyewe. Muuguzi wa zahanati mara nyingi yuko peke yake. Asubuhi ni kliniki ya watoto, mchana mjamzito mwenye uchungu, jioni ripoti za mwezi. Ukimwongezea kalamu ya mofini bila mtu wa kumpigia simu usiku, umempa lawama tu. Mgonjwa akifa saa chache baada ya dozi, ambavyo ni kawaida kwa mtu aliyekuwa anakufa, ukoo utasema nani kamuua?

Kisha kuna kazi isiyoonekana kwenye kanuni yoyote. Dozi hutolewa kila baada ya saa nne, na ile ya kulalia huongezwa maradufu ili mgonjwa na anayemuuguza wote wapate usingizi. Mofini hufunga choo, kwa hiyo lazima iambatane na dawa ya kulainisha. Uganda hufundisha hata mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Kidonda kinachonuka hunyunyiziwa vidonge vilivyopondwa vya metronidazo, dawa ya kuua bakteria. Anayefanya haya ni mke, binti au mkwe, ambaye shamba lake limeota magugu. Hospitali za Kanisa la Kilutheri (KKKT), Selian ya Arusha ikiwa mojawapo, zimefika majumbani kwa kutegemea watu wa kujitolea. Ni jambo zuri, ila kujitolea kwa miaka bila posho huishia kuwa mzigo wa akina mama walewale.

Na tusijidanganye kwamba mofini ndiyo tiba shufaa yote, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyepona. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2014, watu wazima waliohitaji huduma hii wengi walikuwa na magonjwa ya moyo na mishipa, asilimia 38.5, kuliko saratani, asilimia 34. Mzee aliyevimba miguu na kushindwa kulala chali anahitaji kwanza dawa ya kupunguza maji mwilini, na hiyo haina sheria kali. Inakosekana kwa sababu imekwisha tu.

Mimi niko upande wa kuwaruhusu wauguzi, ila ningeanzia vituo vya afya, si zahanati. Kituo cha afya kina watumishi zaidi, kina mtu wa zamu usiku, na ni rahisi kukikagua. Kila kituo kipeleke muuguzi mmoja kusoma, na ruhusa isitolewe kabla dawa haijafika kabatini. Wa vijiji vya mbali watasema kituo cha afya nacho ni safari ya nusu siku kwa bodaboda, na watakuwa wamesema kweli.