Fashola alijua sheria, ndiyo maana simsamehe Onitsha

Wanigeria wakianza kubishana kuhusu magavana wachapakazi, jina la Babatunde Raji Fashola, aliyekuwa gavana wa Lagos, halichelewi kutajwa. Wana haki. Mimi mwenyewe namkubali, ila si kwa kila kitu, na ninapomkosoa namkosoa palepale alipokuwa fundi, yaani kwenye sheria.

Alizaliwa Lagos mwaka 1963, akasoma sheria Chuo Kikuu cha Benin na kuanza uwakili mwaka 1988. Mwaka 2002 Bola Tinubu, gavana wa Lagos wakati huo, alimpa kazi ya kuongoza ofisi yake. Miaka miwili baadaye akapata hadhi ya Wakili Mwandamizi wa Nigeria, na hiyo huko haigawiwi ovyo. Mwaka 2007 akakikalia kiti cha bosi wake, akadumu nacho hadi 2015.

Kazi ilionekana. Machi 2008 mabasi ya mwendokasi yalianza kutoka eneo la Mile 12 hadi eneo la CMS, kilomita 22, miaka minane kabla sisi wa Dar hatujapata ya kwetu. Oshodi, ambako wachuuzi walikuwa wameimeza barabara, ilisafishwa mwaka 2009. Ebola ilipotua Lagos Julai 2014 na abiria kutoka Liberia, waliogusana na wagonjwa walifuatiliwa mmoja mmoja. Nigeria nzima iliishia na wagonjwa 20, wakafa 8. Ukiujua msongamano wa Lagos, hilo si jambo dogo.

Kisa ninachokipenda ni cha Julai 2012. Fashola alikuta wanajeshi, mmoja wao kanali, wakipita na magari yao kwenye njia ya mwendokasi. Akawasimamisha yeye mwenyewe. Katika nchi iliyotawaliwa na majenerali miaka mingi, raia kumzuia kanali barabarani! Nilishangilia.

Lakini mwezi huohuo nyumba za wavuvi wa Makoko, zile zilizosimama juu ya maji, zilivunjwa baada ya notisi ya saa 72. Agosti akasaini sheria ya barabara iliyozifungia okada, bodaboda za kwao, njia 475. Hapo unaweza kumtetea: ajali zilikuwa nyingi, mji lazima uwe na utaratibu. Sawa, ingawa sikumbuki mwenye gari kubwa aliyelala njaa kwa sababu ya utaratibu huo.

Onitsha sina cha kuitetea. Julai 2013 serikali yake iliwakusanya watu iliowaita ombaomba, wengi wao Waigbo, ikawapakia kwenye basi na kuwashusha mji wa Onitsha, jimbo la Anambra, nyumbani kwa Waigbo. Ikasema inawarudisha kwa ndugu zao. Kifungu cha 41 cha katiba ya Nigeria kinampa kila raia haki ya kwenda na kuishi popote nchini mwake. Gavana aliyesomea uhasibu angeweza kujidai hajui.

Septemba aliomba radhi. Novemba Anambra ilikuwa inachagua gavana, na chama chake kilikuwa na mgombea, kwa hiyo nadhani kura nazo zilimfundisha adabu kidogo. Baadaye alikuwa waziri wa shirikisho hadi 2023, akishika ujenzi, nyumba na, kwa muhula wa kwanza, umeme. Kama mmoja wa walioshushwa pale Onitsha angemfuata zamani akiwa bado wakili tu, kesi ile angeishinda kabla ya chakula cha mchana.