Oringi Ndio Nani?

Hivi mnajua unywele mmoja unaweza kumfilisi mtu? Si mkopo, si mashemeji, si ada ya muhula wa pili. Unywele. Na mie mwenyewe kichwani hapa hata mbegu sina, kipara tangu 2015.

Asubuhi leo tuko kisiwani Mnemba, Zanzibar, nimezamisha watalii, mita 22 chini ya maji, maji meupe mpaka unaona kivuli cha boti, kasa kakaa zake anatafuna, wageni wangu wanne wametulia hakuna anayepiga matumbawe mateke, nikasema Alhamdulillah leo klipu ya kuuza imepatikana. Nainua kamera naona ndani ya kava lake la kuzuia maji kuna kitu kinacheza. Nikajua ukungu, ukungu tumeuzoea, kamera ina joto na maji yana baridi kioo lazima kitoe jasho. Si ukungu bwana. Maji! Yanapanda pole pole kama yako kwenye glasi ya mgeni. Na huko chini huwezi kupiga yowe, na kukurupuka juu huwezi, una watu wanne na lazima njiani kupanda usimame mita 5 dakika 3, basi nikaning'inia pale na marehemu wangu mkononi, wageni wananionyesha kidole cha OK, na mie kwa heshima ya kazi nawajibu OK. OK ya nini?

Maana kamera hizi ukisikia haziingii maji usishangilie, soma na mita. Hii GoPro yangu, kamera yenyewe tupu bila kava, mwisho wake mita 10. Ukitaka kwenda na wazamiaji unanunua kava la mita 60, kule mita 20 maji yanakuminya mara tatu ya huku juu, hayana utani. Halafu unanunua kichujio chekundu, kwa sababu rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kupotea majini, bila hicho mgeni anatoka wa buluu kama kafa juzi. Bado mkono wa kushikia, bado kadi, bado mafuta ya kupaka oringi, ile raba nyembamba inayoziba mlango wa kava. Kamera ni mahari tu, harusi hujaanza. Jumla milioni moja na laki mbili, na nilipiga hesabu nitauza klipu ghorofa lipande. Wageni wenyewe siku hizi kila mmoja anakuja na yake, anarekodi pua yake dakika arobaini, na asiye nayo anakwambia kaka nitumie tu kwa WhatsApp.

Sasa jioni umeme hakuna, kama kawaida, nimekaa chumbani na ile tochi ya kuzamia naikagua oringi. Nikaukuta. Unywele mmoja, mrefu, wa njano kama katani, umelala juu ya raba. Nimeuvuta kwa vidole viwili nimeuinua kwenye mwanga, na mama Nasra ndiyo anaingia.

Kasimama. Kauangalia unywele. Kaniangalia kipara.

"Baba Nasra. Wa nani huo?"

"Nimeutoa kwenye oringi."

"Oringi ndio nani?"

"Si mtu, raba."

"Raba inaota nywele siku hizi?"

Nikaona nieleze vizuri kama mtu mzima. Nikamwambia kuna mgeni, Mholanzi, alikuwa nyuma ya boti anakung'uta nywele, na mie wakati ule nimefungua.

"Umefungua."

"Kava! Nimefungua kava!"

"Mie sijauliza umefungua nini."

Nikamwonyesha kava, nikamwonyesha maji bado yamo, nikamweleza kwamba kava likishajaa kamera inabaki na mita zake 10 na sisi tulikuwa 22, chumvi imeshaingia mpaka kwenye betri. Nadhani sauti ilinikatika kidogo. Akalainika. Akakaa kitandani.

"Kamera yenyewe si ile ya laki na nusu? Ndiyo ikulize mwanamume mzima?"

Hapo ndipo nilipokufa mara ya pili. Ni kweli, nilimwambia laki na nusu. Nyie mlitaka nimwambie ngapi, na mwezi ule paa la jikoni lilikuwa linavuja? Kwa hiyo mie nina msiba wa milioni na ruhusa ya kulia ni ya laki na nusu tu. Nikafuta macho, nikasema chumvi.

Akaondoka, nikajua yameisha. Karudi na kitambaa kimefungwa fundo. Pesa ya mchezo wake wa upatu, kapokea juzi. Kahesabu noti mbele yangu moja moja mpaka laki na nusu, akasema, "Kesho kanunue nyingine kama ile ile, usikae na huzuni ndani ya nyumba."

Kama ile ile!

Laki na nusu najua inanunua nini. Kijidude kimeandikwa 4K, eti picha kali, kwa stika, na muuzaji anakuapia kinazama mita 30. Kuzama kitazama, nani kabisha, mie nauliza habari ya kurudi.

Jirani kaambiwa, keshanifuata na ushauri wa kuifukia kwenye mchele. Nimeshaisuuza kwa maji yasiyo na chumvi, lakini yeye kang'ang'ania mchele. Mchele bei hii mtu unafukia kamera? Nikafukia, kilo nzima, kwenye ndoo. Sasa hivi nasikia huko jikoni mama Nasra anapima vikombe kutoka kwenye ndoo ile ile, na Nasra anauliza mama hiki cheusi ni nini, na umeme ndiyo kwanza umerudi na feni haizunguki, hii feni nayo nilisema imenunuliwa elfu thelathini.