Mfiwa Aachwe Alie

Juzi msibani nilimsikia muumini mmoja akimwambia mama aliyetoka kumzika mwanawe: "Nyamaza, mama. Neno linasema shukuruni kwa kila jambo." Mama wa watu akajifuta machozi harakaharaka, kama aliyefumaniwa akikosea. Jambo hilo limenikasirisha, na hasira haijaniisha.

Mstari huo, 1 Wathesalonike 5:18, nauamini kwa moyo wote. Ila Paulo aliyeuandika ndiye aliyewaagiza Warumi walie pamoja nao waliao. Na usiku ule alipoimba na Sila gerezani Filipi, migongo ikiwa bado na majeraha ya bakora, hakuna aliyewasimamia kuwaamuru waimbe. Sifa zile ziliwatoka wenyewe.

Kwenye misiba yetu hakuna anayenukuliwa kama Ayubu, yule aliyefiwa na watoto wake wote: Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Hiyo ni sura ya 1. Mbona hatufiki sura ya 3, ambapo Ayubu huyohuyo anailaani siku aliyozaliwa? Rafiki zake walikaa naye chini siku 7, usiku na mchana, bila kusema neno, na hapo ndipo walipomfaa. Walipofumbua vinywa kumsahihisha wakaharibu kila kitu. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, wenye mafundisho yaliyonyooka. Anasema hawakunena yaliyo sawa kumhusu kama Ayubu alivyonena. Tena wanaambiwa waende kwa huyo aliyekuwa akilalamika, awaombee! Kila anayekwenda kufariji angezisoma sura hizo kabla ya kutoka nyumbani.

Na Bwana wetu mwenyewe? Katika Yohana 11 analia, ilhali anajua kwamba muda si mrefu atamfufua Lazaro. Mbele ya kaburi anainua macho na kumshukuru Baba. Machozi na shukrani, sura moja, moyo mmoja. Martha na Mariamu, dada zake Lazaro, wote wawili walimwambia kwamba angalikuwapo ndugu yao asingalikufa, wala hakuwakemea.

Haya, wapo wanaonung'unika mwaka mzima wakiwa wazima na wenye kushiba. Hao waambiwe. Mfiwa si mmoja wao.

Shukrani ni deni langu mimi kwa Mungu. Sina mamlaka ya kumdai jirani. Kati ya wenye ukoma 10 walioponywa na Yesu, yule Msamaria alirudi kushukuru kwa hiari yake. Na anayetaka sana kuhimiza shukrani aanze kwa kumlipa mfanyakazi wake kwa wakati, maana Yakobo anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele.

Ninachoomba viongozi wetu wa ibada ni hiki: kipindi cha ushuhuda, apewe nafasi na yule ambaye jibu lake halijaja. Asimame, aseme bado anaumia, nasi tumwombee bila kumkatiza kwa "Amina" za haraka. Zaburi ya 88 inaishia gizani, haina hata mstari mmoja wa shukrani, na watu wa Mungu waliiimba.