Jino moja la mbele: cheni, sproketi na vilima vya Mwanza

Pale Mabatini, chini ya mawe ambayo watu wameyajengea nyumba hadi kileleni, ubishi wa kijiwe cha bodaboda siku hizi ni sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni, moja mbele kwenye injini na jingine nyuma kwenye tairi. Dereva mmoja ametoa ya mbele yenye meno 14 iliyokuja na pikipiki, akaweka ya 15, na anaapa kwamba sasa chombo kinateleza chenyewe kwenye lami ya Usagara. Mwenzake, anayeshinda akipandisha wagonjwa na ndugu zao Bugando, kafanya kinyume: kaweka ya 13. Naye anaapa vilevile. Kila mmoja anamwona mwenzake kaliwa hela.

Tuanze na hesabu, maana haina ushabiki. Chukua pikipiki yenye meno 14 mbele na 42 nyuma. Sproketi ya mbele inazunguka mara 3 ili tairi lizunguke mara moja. Weka 15 mbele, inakuwa mara 2.8, kwa hiyo injini ikipiga mizunguko ileile, mwendo unaongezeka kwa asilimia 7 hivi. Weka 13, inakuwa mara 3.23: mwendo unapungua kwa kiasi hichohicho, lakini nguvu ya kuvuta inapanda kwa karibu asilimia 8. Ukitaka matokeo ya 13 kwa kubadili ya nyuma, itabidi uongeze meno matatu, na hapo cheni yako huenda isifike. Ndiyo maana watu wanaichezea ya mbele. Ni ndogo, ni rahisi, na mara nyingi inafunguliwa kwa bolti mbili tu.

Wa meno 15 ana hoja. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, safari ya Sengerema haina tena kusubiri kivuko pale, na dereva anayepata abiria wa mbali anakaa kwenye gia ya juu muda mrefu. Injini inapumua, kelele inapungua, na petroli kidogo inabaki kwenye tangi. Lakini mrudishe mjini, mpe mshikaki wa abiria wawili na kiroba cha dagaa kutoka soko la Mwaloni, halafu mwambie apande Isamilo. Gia ya tatu iliyokuwa inatosha haitoshi tena. Anashuka ya pili, anapiga resi, na wakati wa kuondoka anaibania klachi nusu ili injini isizime. Petroli aliyoiokoa kwenye lami inaishia hapo, na pleti za klachi zinaungua juu yake.

Kuna jambo jingine ambalo wanaoiga mafundi wa Dar hulisahau. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini ndogo ya kabureta inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu ambayo ingekuwa nayo pwani. Jino la ziada linalobebeka Kariakoo, huku linabebwa na injini iliyokwisha kupunguziwa posho.

Wa meno 13 yuko karibu zaidi na mji wake. Kilimani anavuta bila kuitesa klachi, na akishuka injini inamsaidia breki. Hasara yake iko kwenye cheni: sproketi ikiwa ndogo, kila kiungo kinajikunja zaidi kinapoizunguka, na cheni inakwisha mapema. Kwenye barabara ndefu injini inalia muda wote. Kwa mtu anayefanya kazi Bugando, Igogo na Kitangiri, ningemwambia abaki nayo. Wengine wote, wakiwemo wale wanaoendesha Nyakato hadi Igoma kutwa nzima, idadi ya kiwandani inawatosha. Sproketi ya nyuma ya alumini sitaijadili sana. Ni nyepesi, inang'aa, na inalika haraka kuliko ya chuma. Waachie wa mashindano.

Ila meno yanapewa muda mwingi kuliko yanavyostahili. Fedha iko kwenye cheni yenyewe. Fundi mmoja wa Mkuyuni alinionyesha jambo ambalo sasa nalifanya kila mwezi. Cheni ya saizi 428, ambayo ndiyo pikipiki nyingi za bodaboda zinatumia, ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Aliivuta ikakaza, akahesabu viungo 20, akaweka futi kamba. Cheni mpya inasoma milimita 254. Yangu ilisoma 260.

"Kaka, hii ilishakufa tangu 259," akasema. "Wewe unatembea na maiti."

Tunasema cheni imevutika, lakini chuma hakijavutika. Kilicholika ni pini na bushi zilizomo ndani ya kila kiungo, kidogo kidogo, viungo mia na kitu. Kinachozila huku kwetu ni mchanga wa mwaloni na vumbi la barabara za mitaani, vikichanganyika na oili chafu ya injini ambayo karibu kila mtu anaipaka bure. Oili ile ina chembe za chuma tayari, na inashika vumbi kama gundi. Oili nzito ya gia, namba 90, inafanya kazi hiyo kwa heshima na kopo moja linakaa miezi.

Hapo ndipo cheni ya oringi inapoingia. Grisi imefungiwa ndani ya kila kiungo na vipete vya mpira, mchanga unabaki nje. Bei yake inazidi ya kawaida mara mbili au zaidi, lakini ikitunzwa inadumu kiasi cha kuirudisha hiyo bei. Ubaya wake? Ni nene kidogo, hivyo kwenye baadhi ya pikipiki inagusa kava. Na ukiisafisha kwa petroli, kama vijana wa kuosha pikipiki wanavyopenda, mipira inaharibika na umenunua cheni ya kawaida kwa bei ya oringi. Mafuta ya taa na brashi laini vinatosha.

Mimi mwenyewe nilikosea pengine kuliko wote. Nilinunua cheni nzuri nikaifunga kwenye sproketi za zamani ambazo meno yake yalishajikunja kama ndoana ya sangara. Hazikupita wiki nyingi, cheni mpya ikaanza kuruka. Seti inabadilishwa yote, au haibadilishwi.

Sasa lile swali ambalo kijiweni hawaligusi: pikipiki ni ya nani? Anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni analipa petroli mwenyewe, na kwa kawaida tajiri ndiye anayenunua seti. Dereva huyo ana sababu ya kuchezea meno, kwa kuwa petroli ni yake, na hana sababu ya kudai oringi itakayomnufaisha mwingine baada ya yeye kuondoka. Aliye kwenye mkataba, ambaye chombo kitakuwa chake akimaliza, hesabu yake inageuka. Kwake cheni ya bei ni akiba, na kuitesa injini kwa jino la ziada ni kujiibia. Mtu asiyeniambia yuko upande gani sina cha kumshauri.

Na kabla hata ya kununua chochote, kaza cheni abiria wakiwa wamekaa. Nyuma inapodidimia kwa mzigo, cheni inakaza zaidi. Ikiwa ilikuwa imekaza tangu pikipiki ikiwa tupu, ukipakia watu wawili inaibana beringi ya giaboksi hadi inalia. Fundi wangu huwaita vijana wawili wa karibu wapande, ndipo anashika spana.

Yule wa meno 15, nilimkuta juzi karudisha ya 14. Ile nyingine ameiviringisha kwenye tambara, ameiweka chini ya siti, anasubiri abiria wa Sengerema.