Kusali kama mtoto: tunaiga nini hasa?

"Wapo wengi waliotamani kuiona siku hii ya leo lakini hawakuiona." Aliyewahi kukaa kwenye jumuiya, kikao cha harusi au msiba anaijua sentensi hiyo ya sala za papo kwa papo, na anajua itakayofuata. Haimo katika kitabu cha ibada, ila tumeikariri kuliko Imani ya Mitume. Ndiyo maana huwa nasita ndugu wa makanisa ya kiroho wanaposema kwamba wanaosali kwa kitabu, Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana, ndio waliopoteza moyo wa kitoto, ule ambao Yesu aliutaka aliposema tusipokuwa kama watoto hatutaingia katika ufalme wa mbinguni.

Hata hivyo hoja yao ina uzito. Yesu alikataza kupayukapayuka, na mtoto mwenye kiu huomba maji tu. Lakini mtoto huyohuyo akipenda hadithi ataitaka kila usiku kwa maneno yaleyale, na ukiruka neno atakusahihisha. Bustanini Gethsemane, kwa simulizi la Marko, Yesu anamwita Mungu "Aba" na kuomba kikombe kimwondokee. Mathayo anaongeza kwamba mara ya tatu aliomba kwa maneno yaleyale.

Wengine wanaogopa neno lenyewe, "utoto". Baada ya Shakahola nchini Kenya, mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwaambia wafunge hadi kufa ilifukuliwa msituni, nani atasikia "amini tu, usiulize" asishtuke? Paulo naye aliwataka Wakorintho wawe wachanga katika uovu, si katika akili. Nakubaliana nao, ingawa sijui ni mtoto gani huyo asiyeuliza. Wa kwangu huuliza "kwa nini" mara kumi kabla ya chai.

Pande zote mbili zinaliruka swali lililozaa maneno ya Yesu katika Mathayo 18. Wanafunzi walikuwa wanataka kujua nani aliye mkuu katika ufalme wa mbinguni, naye akamsimamisha katikati yao mtoto, mtu asiye na cheo chochote. Kwa hiyo kinachoharibu sala ni kusali ili usikiwe na waliokaa, uwe umeshika kitabu au umefumba macho. Hata kiongozi wa sifa akituamuru turuke kama watoto, tunaruka huku tukimchungulia jirani.

Kwenye ibada moja ya nyumbani, binti mdogo aliombwa afunge kwa sala. "Mungu, mvua isinyeshe mpaka mama afike. Amina." Watu wakacheka. Mzee wa kanisa akasimama ili afunge vizuri, akakohoa kidogo, akaanza: "Wapo wengi waliotamani..."