Fedha zikipatikana, nani kazipata?

Juzi nilikuwa kwa mama ntilie pale soko la Kilombero hapa Arusha, redio inarusha maswali na majibu kutoka Dodoma. Mbunge mmoja (simtaji, wako wengi wa namna hiyo) akauliza swali letu la siku zote: je, ni lini Serikali itajenga barabara ya jimboni kwake kwa kiwango cha lami? Naibu waziri akasimama, kwa niaba ya waziri akaomba kujibu kama ifuatavyo: upembuzi yakinifu umekamilika, na ujenzi utaanza kadri fedha zitakapopatikana. Mbunge akashukuru kwa majibu mazuri. Mazuri! Makande yangu yakapoa. Mzee aliyekuwa akila pembeni akacheka: "Mwanangu, hizo hela zitatukuta makaburini."

Hebu kitazameni hicho kitenzi. Zitakapopatikana. Hakuna anayezitafuta, hakuna anayezitoa, zitaibuka tu kama uyoga baada ya mvua. Angesema "zitakapotolewa", ningembana: zitolewe na nani? Sentensi ina kiti cha mtenda hata kama kiko wazi. Lakini zikipatikana, kiti chenyewe hakipo. Au ule mradi ambao kila mwaka "umekwama". Jaribu kumtaja mwenye kosa: "mradi umekwama na mkandarasi". Ndiyo kwanza maana imegeuka, mkandarasi naye masikini kakwama, tumpe pole.

Na asije mtu akaniambia shida ni kauli ya kutendwa. Azimio la Arusha, lililopitishwa hapahapa mjini kwetu Januari 1967, limejaa kutendwa: tumeonewa kiasi cha kutosha, tumenyonywa kiasi cha kutosha, na tumepuuzwa kiasi cha kutosha. Aliyetuonea hatajwi kwenye sentensi hiyo. Lakini angalia nani kakaa mbele ya kitenzi: tu-, tu-, tu-. Ni sisi. Na muda si mrefu linafuata "sasa tunataka mapinduzi", aliyetendwa amesimama na kuwa mtenda. Sasa sikiliza majibu ya leo. Mbele ya vitenzi wamekaa fedha, mradi na mchakato. Zi-, u-, u-. Mama anayebebwa kwa machela hadi barabara kuu kwa sababu gari halifiki kijijini hayumo. Waziri naye hayumo.

Haya, nakubali kwa shingo upande: naibu waziri hawezi kuahidi fedha ambazo Bunge halijaidhinisha. Ila anaweza kusema, "Wizara yetu haikuiweka barabara hiyo kwenye bajeti ya mwaka huu, tumeanza na nyingine." Ingeuma, lakini tungejua wa kumfuata.

Zile pongezi zinazokula nusu ya muda wa kuchangia naziacha, zitanipandisha presha. Na Kiingereza kinachochomekwa katikati, hata sisi wa Njiro tunachomeka.

Lawama nyingine ni za wabunge wenyewe. Kila siku "je, ni lini". Ukiuliza lini utajibiwa kwa kalenda, na kalenda haiwajibiki kwa mtu. Wakipewa maswali ya nyongeza, wanarudi na lini nyingine. Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, ipo kwenye tovuti ya Bunge, mwenye bando asome mwenyewe. Kwa nini asiulize nani? Nani aliamua isiingie kwenye bajeti? Nani anamsimamia mkandarasi? Nani alisaini kwamba kazi imekamilika ilhali kalavati lilisombwa na mvua za kwanza?

Wabunge wa mkoa huu, kikao kijacho mmoja wenu ajaribu. Akijibiwa kwamba suala hilo linafanyiwa kazi, afurahi: angalau hicho ni kitenzi chenye nafasi ya "na nani". Ainuke aidai ijazwe.